Namba Moja, Watu Wawili

Wageni wa arobaini ya mtoto walikuwa wamenogewa na umbea mlango ulipofunguka wenyewe. Mlango ule huwafungulia wenye namba za nyumba ile tu, lakini aliyeingia alikuwa mzee wasiyemjua.

“Karibu, mwanangu,” nyumba ikamwambia. Wageni wakaangua kicheko.

“Msinicheke,” mzee akasema, akijibwaga kitini. “Tangu mji wetu uingizwe kwenye sajili yenu, nyumba yangu inanipa maziwa ya chupa na kuniimbia nilale. Mtoto wenu kapewa namba yangu.”

Somoe, mama mtoto, akawapigia wasajili. Wakakiri kwamba walipounganisha sajili za miji miwili walisahau kusogeza hesabu mbele, namba zisigongane. Sasa, wakasema, nyumba itachagua mmoja abaki na namba. Mwingine hatafunguliwa mlango popote.

“Basi sema,” Somoe akaisihi nyumba. “Mwanangu ni yupi?”

Kitanda cha mtoto kikaacha kubembea. Kiti cha mzee kikaanza.