Kaimati za Posa

"Umekula nini tena?" shangazi aliuliza, akimshika Mwanahawa kidevu chenye chunusi mbele ya wageni waliokuja kumposa binti wa Mwanahawa.

Mwanahawa, mtu mzima wa miaka arobaini, alikuwa akila viazi vitamu vya kuchemsha tangu Idi, kwa amri ya shangazi huyohuyo: asiguse sukari, maziwa wala mafuta. Vidonge vya chunusi alivyopewa na daktari vilikaa tu mkobani, maana shangazi alisema vinaharibu ini.

"Nimekula maneno yako, shangazi. Nimeshiba."

Akatoa kidonge.

"Utajiua wewe!"

"Daktari kasema nisikimeze tumbo likiwa tupu," akajibu, akaivuta sahani ya kaimati zilizokaangwa na kulowekwa shira ya sukari. Akameza kidonge, akatafuna kaimati. Shira ikamtiririka kidevuni, juu ya chunusi, wala hakuifuta.