Masikio ya Popo Njia Panda

Mwituni palikuwa na njia panda iliyosongamana kila asubuhi, mpaka wanyama walipomweka Popo mtini aiongoze kwa mluzi. Popo alisikia nyayo kabla hazijafika, akajua nani apite na nani angoje.

Siku moja alimsimamisha Nyati, mpenda kuamkiwa, ingawa mbele yake njia ilikuwa tupu.

"Hata shikamoo hunipi, halafu unanisimamisha?" Nyati akafoka. "Nampisha nani?"

"Shikamoo, mzee. Yupo anayekuja mbio, amebeba mgonjwa. Nawasikia."

"Mgonjwa gani mkubwa kuliko mimi?"

Papo hapo Punda akatokea, akapita mbio kuelekea kwa mganga. Mgongoni kalala ndama, anatweta. Nyati akamtambua: ni mwanawe, aliyemwacha mzima alfajiri.

Mganga alisema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa. Ndama akapona.

Kesho yake Nyati alisimama njia panda kabla ya mluzi, akainamisha pembe.

"Shikamoo, Popo."

"Mzee! Mimi mdogo kwako."

"Aliyemsikia mwanangu kabla yangu si mdogo wangu. Itikia upesi, nyuma kuna foleni."