Mama Kasemaje?

Mkalimani wa halmashauri ndiye aliyemleta mama yake ukumbini, siku ya kuenzi lugha za wachache. Mama hakujua Kiswahili. Alitakiwa asalimie tu kwa lugha ya kwao, ashuke.

Bibi yule akaishika maikrofoni kwa mikono miwili, akasema polepole kwa lugha hiyo, "Mlituvunjia nyumba zetu kule mtoni. Wajukuu wangu wanalala chini ya turubai. Mnataka twende wapi?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

"Lugha tamu kweli," mwenyekiti akasema, akimgeukia binti. "Haya, tufasirie. Mama kasemaje?"

Binti akaipokea maikrofoni. Ilikuwa imelowa jasho la viganja vya mama yake. Mwenyekiti huyu ndiye aliyempa kazi, na ukoo mzima ulikula kwa kazi hiyo. Ndiye pia aliyeamuru nyumba zile zivunjwe.

"Anasema asante," akajibu. "Asante kwa kumkaribisha."

Makofi yakarindima tena. Mama hakupiga. Neno asante alilifahamu.

"Mwanangu," akamwuliza kwa lugha yao, "asante ya nini?"