Kamba ya Mzamia Lulu

"Nani atanishikia kamba?" aliuliza mzee wa lulu, na mjane akawahi kuinuka kabla ya wageni wote pale gatini.

Mzee hakumtambua. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Miaka thelathini iliyopita yeye ndiye aliyekuwa mshika kamba, na mume wa mjane ndiye aliyezama kutafuta chaza wa lulu. Siku hizi chaza wamekwisha, na mzee huwaonyesha watalii wa ufukweni jinsi kazi ile ilivyofanywa.

Akajifunga jiwe mguuni, akabana pua kwa kibanio cha mfupa.

"Nikivuta mara mbili nipandishe, mama. Jiwe hili peke yangu siliwezi. Na usinisinzilie, mimi bado nataka kuoa."

Wageni wakacheka. Mjane naye akacheka.

"Nenda salama, shemeji."

Neno hilo lilimfanya mzee ageuke amtazame vizuri, lakini jiwe lilikwisha kutangulia.

Kamba ilikuwa ya katani, ngumu, imelowa. Ilimkwaruza viganja ikiteleza kwenda chini, kisha ikatulia. Baada ya kitambo ikavutwa mara mbili. Ikavutwa tena mara mbili, kwa nguvu zaidi.

"Bibi," akasema mgeni mmoja, "mbona kamba inatikisika?"

Mjane akakaa kitako. Akamjibu kwa maneno yale yale aliyoletewa na mzee huyu siku ile, pamoja na shati la mumewe.

"Ni samaki tu, mwanangu. Anaichezea."