Kinda Aliyebaki Nje ya Bawa

Siku ya tatu baada ya mvua, Kanga aliyeugua akili aliacha kuwaita wanawe kula. Kinda wake mkubwa akaanza kuchakura, akawalisha wadogo zake na mama yake.

“Mwangalie mwenzako,” Kuku, jirani yao, alimwambia kifaranga wake kila asubuhi.

Wivu ukamchoma Kifaranga. Akamfuata Kinda.

“Wewe mjuaji, nani alikufundisha?”

“Hakuna. Mama yako akipata mchwa anakuitaje?”

“Hupiga kelele mpaka naona aibu.”

“Basi tubadilishane,” alisema Kinda, bila kucheka.

Kivuli cha mwewe kikapita. Kuku akafungua mbawa, Kifaranga akaingia.

“Ingia na wewe, mwanangu,” Kuku alimwambia Kinda.

Kinda alifika kwenye bawa, akageuka kuwatazama mama yake na wadogo zake, akabaki nje kuwalinda.