Upindo wa Mwakani

"Kata kitambaa kinachozidi, fundi," msichana alisema. "Sketi isije ikaburuzika chini."

Fundi cherehani alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini kazibana midomoni. Sketi ya shule ilikuwa ya binti wa jirani aliyemaliza masomo, nayo ilimfika msichana karibu na vifundo vya miguu.

Fundi hakukata. Alikikunja kitambaa kwa ndani, mkunjo mpana kama kiganja, akaubana kwa pini.

"Huu ni upindo, mwanangu. Mwakani utakuwa umerefuka. Utakuja, nitaushusha."

"Mwakani?"

"Kwani mnahama?"

Msichana alitikisa kichwa. Tangu mama afunge virago, na baba awe mtu wa kurudi anapojisikia, nyumbani kwao hata kesho haikutajwa. Alikuwa amerefuka kama magugu, bila jicho la mtu.

Aliinama akaugusa ule mkunjo, akaupapasa polepole kuzunguka sketi nzima. Pini ikamchoma. Hakuutoa mkono.

"Mbona machozi? Nimekuchoma?"

"Ndiyo, fundi."

Kizingitini alikaa mdogo wake, akivuta gauni lifunike magoti, nalo halifiki. Walimwita Chiriku, jina la enzi zile alipokuwa bado anaongea.

Msichana akajipangusa uso.

"Chiriku, ingia ndani. Simama wima upimwe."

Mtoto hakuinuka. Aliutazama upindo kwa muda mrefu.

"Na mimi nitarefuka?" akauliza.