Beringi Mpya

Malori matano ya wateja yalikuwa yakipiga honi getini Siwema alipozima mashine ya kukamua alizeti.

"Dada, umerogwa?" Idrisa, mdogo wake, alifoka. "Mashine haina hitilafu yoyote! Wenzetu wanakamua usiku na mchana."

"Baba alibadilisha beringi kila msimu ulipopamba moto, wakati pesa ipo. Ndiyo maana mashine hii imedumu miaka arobaini."

"Enzi za Baba tulikuwa peke yetu mjini."

Siwema alichukua spana. Alifungua nati, akachomoa beringi ya zamani na kuizungusha kidoleni. Ilizunguka laini, bila kukwaruza popote.

Huko nje honi zilinyamaza. Lori moja likawasha injini, kisha la pili. Siwema akaanza kurarua karatasi ya beringi mpya.